Apolo Alifundishwa Nyumbani kwa Fundi

Somo la juma kwa watenda kazi na wote wanaotamani kutumika
Andiko la msingi: Matendo ya Mitume 18:18–28
Soma pia: 2 Timotheo 2:2, 1 Timotheo 3:6–10, Kutoka 18:13–24



Jumapili iliyopita, Mchungaji alipotangaza kwamba darasa la viongozi wa vikundi vya nyumbani linafunguliwa tena, dada mmoja alinisimamisha mlangoni. Akaniuliza, "Mzee, darasa la nini tena, na Roho Mtakatifu tunaye?" Sikumjibu vizuri kwa sababu watu walikuwa wanapita na kusalimiana. Nimeomba nafasi katika kijarida hiki nimjibu kwa utulivu, na yeyote mwenye swali kama lake asome pamoja naye.

Hebu tufungue Matendo 18, mstari wa 24. Anaingia Efeso mtu anayeitwa Apolo. Mwangalie vizuri. Ni Myahudi wa Aleksandria, mji wa wasomi. Ulimi anao. Maandiko anayajua. Roho yake inawaka, na Luka anatuambia waziwazi kwamba yale aliyofundisha kuhusu Yesu aliyafundisha sawasawa. Mtu kama huyo akishuka kwenye boti hapa leo jioni, nawaambia ukweli, kesho kutwa tumeshampa kipaza sauti. Lakini mstari wa 25 unamalizia na jambo dogo: ubatizo alioujua ulikuwa ule wa Yohana tu. Hakuwa nabii wa uongo wala mtu wa nia mbaya. Alikuwa amefika mahali fulani safarini, akasimama hapo, na akawa anawaita wengine wasimame hapo pamoja naye.

Sasa Paulo alikuwa wapi? Rudi nyuma kidogo, mstari wa 19 hadi 23. Paulo alipita Efeso, akaagana na ndugu, akashika njia ya Kaisaria hadi Antiokia. Hayupo. Mchungaji amesafiri! Waliobaki ni mtu na mkewe, Akila na Prisila, mafundi wa kushona mahema. Hatusomi popote kwamba walisomea chuo chochote cha Biblia. Lakini kule Korintho Paulo alikaa nyumbani kwao na kufanya nao kazi ya mikono, na mstari wa 11 unasema alikaa mji ule mwaka mmoja na miezi sita. Mimi nadhani kwenye ile meza ya kazi, sindano ikipita kwenye kitambaa, maswali mengi yaliulizwa na kujibiwa. Ndiyo maana walipomsikia Apolo walijua mara moja kimepungua nini. Na hawakusimama sinagogini kumkosoa mbele ya watu. Walinyamaza, wakamkaribisha kwao, wakamfafanulia.

Kwa nini ninalikazia jambo hili la kumkaribisha kwao? Kwa sababu mimi nimewahi kufanya kinyume chake, na leo nataka niliseme.

Miaka kadhaa iliyopita kiongozi wa kikundi chetu kimoja hapa Wiyoni, ambaye alikuwa mwalimu, alipata uhamisho kurudi bara. Mnajua vile huwa hapa kwetu. Wengi wa washirika wetu ni watu wa kazi za kuhamishwa: walimu, wauguzi, askari, watu wa ofisi. Mtu anakaa miaka miwili, mitatu, anaanza kuzoea, barua inakuja. Na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 familia nyingi zilifunga mizigo bila kungoja barua. Kwa hiyo nilikuwa natafuta mtu haraka. Palikuwa na kijana ameokoka miezi saba. Akiomba, watu walilia. Akihubiri sokoni, watu walisimama. Nikamshika bega baada ya ibada nikamwambia, "Ndugu, kuanzia Jumatano kikundi ni chako." Nikampa daftari la mahudhurio na ufunguo wa chumba. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yake yote. Na 1 Timotheo 3:6 mimi niliijua kwa moyo, ile inayoonya juu ya kumpa usimamizi mtu aliyeokoka juzi.

Katika kikundi kile alikuwepo mama mmoja mwenye presha, ametumia dawa miaka mingi. Kijana alimwombea kwa machozi, kisha akamwambia kama anaamini kweli amepona, basi aache zile tembe, maana kuendelea kumeza ni kumwambia Mungu hujafanya kitu. Mama alitii. Wiki ya tatu alianguka jikoni. Waliomsikia ni majirani, Waislamu, na ndio waliomtoa kwenye kile kichochoro kwa mkokoteni hadi hospitali. Sisi tulipata habari baadaye. Mungu ni mwema, mama yule yuko hai na huwa anatusalimia kwa tabasamu, lakini mkono wake wa kushoto haujarudi kama zamani.

Jumapili iliyofuata tulimwita kijana mbele. Tukamvua uongozi kanisa zima likitazama, na watu wakasema Amina. Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Hakuna aliyeuliza ni nani alimpa ufunguo. Kijana hakurudi tena ibadani. Nilikutana naye gatini baada ya kama mwaka hivi, anasubiri boti ya Mokowe, nikataka kuanza kumweleza habari za kutubu. Aliniangalia, akasema, "Mzee, hakuna mtu alinifundisha." Akaingia botini.

Dada yangu uliyeniuliza pale mlangoni, Roho Mtakatifu tunaye, na yule kijana pia alikuwa naye. Apolo naye moto ulikuwepo. Alichokosa Apolo ni mtu wa kumkalisha nyumbani, na Mungu akawaweka Prisila na Akila pale Efeso kwa kazi hiyo. Sisi tulikuwepo hapa Wiyoni na hatukuifanya.

Kuna wakati nilikwenda Matondoni kwa shughuli nyingine, nikakaa kivulini kuangalia wanavyounda jahazi. Kijana anayejifunza hapewi msumeno siku ya kwanza. Anabeba mbao, anashika upande wa pili fundi akipima, anatumwa. Halafu anapewa kutia kalafati, ile pamba na mafuta inayoshindiliwa katikati ya mbao. Ni kazi inayoonekana ndogo, lakini ikikosewa maji yanaingia. Fundi anapita nyuma yake, anabonyeza kwa kidole, pengine anaichomoa yote na kumwambia rudia. Hamtukani wala hamfukuzi. Na kijana hasemi ameonewa, kwa sababu wote wawili wanajua chombo kile kitabeba watu. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba mbao tunazipa heshima kuliko roho za watu.

Wapendwa wengi mkishuka Mombasa mnapita Kengeleni, kule upande wa Nyali. Ile kengele ni ya Frere Town, kijiji ambacho wamisheni wa CMS walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Baadaye, mwaka 1903, palianzishwa hapo darasa la theolojia ambalo mwaka 1930 lilihamia Limuru, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Lakini kabla ya chuo walikuwepo watu, na mmoja wao nataka mumjue. Anaitwa William Jones. Jina ni la Kizungu lakini mtu ni Mwafrika, alitekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akapelekwa India na kusomeshwa kule. Alijifunza uhunzi. Mwaka 1864 alikuja Rabai kumsaidia mzee Rebmann, na hapo akawa mwalimu, msaidizi, mtu wa kutumwa. Hakuwa mchungaji. Ndio wale ambao makanisa mengine huwaita walei. Alitumika hivyo miaka 21, mpaka Mei 1885 Askofu James Hannington alipomwekea mikono kuwa shemasi.

Sasa sikiliza. Miezi miwili tu baada ya hapo, Julai 1885, Hannington alianza safari ya miguu kutoka Rabai kwenda Uganda na wapagazi wapatao 200, na Jones akaenda naye. Walipofika Kwa Sundu, maeneo ya Mumias ya leo, Askofu aliamua kutangulia na watu 50. Waliobaki wote aliwaacha mikononi mwa Jones. Tarehe 29 Oktoba Hannington aliuawa Busoga, na karibu wote aliokuwa nao wakauawa pamoja naye. Wachache walitoroka, wakamfikia Jones na habari. Fikiria umekaa pale, mwezi wa kusubiri umepita, askofu amekufa, una watu zaidi ya mia, Pwani iko mbali, na hakuna simu ya kumpigia mtu akuambie ufanye nini. Jones aliwarudisha. Februari 1886 waliingia Rabai na bendera ya buluu imeandikwa neno moja, Ikabodi. Fungua 1 Samweli 4:21 uone maana yake, uelewe huzuni waliyoibeba njia nzima.

Ujasiri wa kuwarudisha watu wale hakuupata siku alipowekewa mikono. Aliupata Rabai, kwenye miaka ile ya kufundisha watoto, kupiga chuma, kuzika watu na kusuluhisha ugomvi ambao hakuna aliyeuandika. Lakini mtu asichukue habari hii akasema basi tumcheleweshe kila mtu miaka 21. Hapana. Wamisheni wengi wakati ule walisita kumpa Mwafrika nafasi hata alipokuwa amefaa, na hilo lilikuwa kosa lao. Kuna kumharakisha mtu kama nilivyomharakisha yule kijana, na kuna kumfungia mtu nje. Sisi Wapentekoste ugonjwa wetu huwa ni ule wa kwanza, ingawa dada zetu wanaweza kutuambia habari za wa pili pia. Angalieni katika mstari wa 18 ni jina la nani limetangulia: Prisila. Katika orodha ya darasa ninataka kuona akina Prisila.

Labda mtu atasema, sisi kanisa letu ni dogo, Mchungaji anatutosha. Machi 2020 ibada zilipofungwa kwa sababu ya korona tuliona jinsi anavyotutosha. Na zilipofunguliwa Julai, amri ilikuwa watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na watoto chini ya miaka 13 na watu wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa wanaobaki nyumbani. Kanisa lilibaki kwa vijana na akina mama, wengine hawajawahi hata kufungua kikao kwa maombi. Waliofanya vizuri ni wale wachache waliokuwa wamewahi kukaa karibu na mtu na kumwona akifanya. Yethro alimwambia Musa jambo hilo hilo katika Kutoka 18: kazi hii itakumaliza wewe na watu wako pia, chagua wengine. Lakini tazama mstari wa 20, kabla ya kuwachagua, Yethro anamwambia awafundishe watu sheria na njia ya kuiendea. Sisi huwa tunaanzia mstari wa 21.

Na kuna jambo jingine zito zaidi, siwezi kuliruka. Mwaka 2023, hapo chini tu Kilifi, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Watu waliokuwa na Biblia kama zetu walikufa njaa wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Tulipoomba juu ya habari ile, wengi wetu tulisema, ah, wale walipotoka. Mimi sikuweza kusema hivyo kwa urahisi. Nilimkumbuka mama yetu na zile tembe. Njia ni ile ile moja, tofauti ni kwamba sisi tulipiga hatua mbili tukashtuka. Mahali ambapo mmoja anasema na hakuna mwingine anayejua Maandiko vya kutosha kumwambia kwa upole "ndugu, hapo hebu turudi nyuma," hapo pana hatari, hata kama nyimbo ni nzuri. Kiongozi wa kikundi aliyefundishwa ni msaada kwa Mchungaji, na pia ni kinga dhidi ya Mchungaji akikosea. Mchungaji wetu mwenyewe ndiye aliyeniambia nisiliondoe neno hili.

Basi darasa letu litakuwaje? Mwaka 1963 Wapresbiteri wa Guatemala waligundua kwamba wakiwatuma watu wa vijijini kusoma mjini, wengi hawarudi kutumika kule walikotoka. Wakageuza: mwanafunzi abaki nyumbani na kazini kwake, asome mwenyewe, na mwalimu ndiye asafiri kumfikia kila juma. Njia hiyo ikaenea duniani, hata Kenya. Sisi tutafanya kitu cha namna hiyo kwa udogo wetu. Hakuna anayetoka Wiyoni, na hakuna anayeacha kazi. Wanaohamishwa kila mara tunawapenda na tutawafundisha, waende kuwa baraka huko waendako, lakini safari hii nataka nusu ya darasa wawe watu ambao makao yao ni hapa.

Kila mmoja atashikanishwa na mtu mzima katika imani. Miezi miwili ya kwanza anakwenda naye kwenye kikundi, anakwenda naye kuona wagonjwa, anakaa na kuangalia. Miezi miwili inayofuata anaongoza yeye na yule mwenzake ananyamaza, halafu wakitoka wanazungumza wawili tu, njiani au kwa chai: hapa ulifanya vizuri, andiko hili umelivuta kuliko linavyosema. Kisha anaongoza peke yake na tunakutana kila Jumamosi. Maneno ya kusahihishana yatabaki kati ya hao wawili. Tukifika mahali pa kuleta jambo mbele ya kanisa, iwe tumeshapita hatua za Mathayo 18:15–17, sio kama tulivyofanya siku ile.

Tutasoma Maandiko, ndio, kitabu kizima kizima na sio mstari mmoja mmoja wa kuchomoa. Lakini tutajifunza pia mambo ambayo mimbarani hayasikiki. Sadaka ya kikundi ihesabiwe na watu wawili na iandikwe hapo hapo. Siri ya mtu isigeuke kuwa "hoja ya maombi" ya kutangazwa. Kijana wa kiume asimtembelee dada peke yake nyumbani, na mtoto asiombewe mlango umefungwa. Tunaombea wagonjwa kwa imani yote, na hakuna kiongozi wetu anayeruhusiwa kumwambia mtu aache dawa. Akisema amepona, tunamshukuru Mungu na tunamsindikiza kwa daktari akapimwe.

Na habari ya majirani. Hapa kuta zinagusana. Ukikohoa, jirani anakupa pole. Kiongozi wa kikundi ajue kwamba wimbo wake unasikika nyumba ya tatu, kwamba mwezi wa Ramadhani watu wamefunga na wamechoka, kwamba kipaza sauti chumbani kwa watu tisa hakina kazi. Ajue kushuhudia habari za Yesu bila kuitukana dini ya mtu. Wale waliombeba mama yetu kwa mkokoteni hawakuuliza anasali wapi. Wiki ile mimi na mke wangu tulikwenda kuwashukuru, tukakaribishwa kahawa, na mpaka leo mmoja wao ananiita kaka.

Darasa linaanza Jumamosi ijayo saa kumi alasiri, nyuma ya kanisa. Njoo na Biblia, daftari na kalamu. Hakuna ada. Hakuna cheti pia, maana nimeulizwa. Ambaye hajatimiza mwaka tangu abatizwe aje pia, atasikiliza, na wakati wake utafika. Mashemasi walioko kazini tayari nawaomba nao waje, wasione haya, 1 Timotheo 3:10 inasema habari za kujaribiwa kwanza na wengi wetu tuliruka hapo.

Yule kijana nimeulizia habari zake. Nimeambiwa yuko Witu, anafanya kazi ya bodaboda. Mwezi huu nitavuka kwenda kumtafuta. Siendi kumrudisha uongozini, naenda kumwomba msamaha kwanza. Mniombee nimpate.

Kwa vikundi vya nyumbani juma hili:

Someni Matendo 18:18–28 kwa sauti, watu wawili wapokezane. Kisha zungumzeni: Prisila na Akila wangeweza kufanya nini tofauti baada ya kumsikia Apolo, na Korintho ingepoteza nini? (Linganisheni 1 Wakorintho 3:6.)

Ni nani aliyewahi kukukalisha nyumbani kwake akakufafanulia jambo ulilokuwa ukikosea? Alikuambiaje?

Kila kikundi kilete Jumapili majina mawili kwenye karatasi: mtu mmoja mnayemwona anafaa kufundishwa, na mtu mmoja aliyekuwa akitumika zamani kati yetu akaumizwa akaondoka.